Chweyo na Somo: Historia ya Mafunzo ya Sanaa Kisumu na Ukingo wa Ziwa

Utangulizi

Katika Kijaluo, lugha ya wakazi wengi wa Kisumu na ukingo wa Ziwa Viktoria upande wa Kenya, kuna vitenzi viwili ambavyo vikiwekwa pamoja vinabeba historia ndefu. Cha kwanza ni chweyo. Mwanamke akifinyanga chungu, kazi yake huitwa chweyo. Na Mungu, kwa kuwa ndiye aliyeumba ulimwengu, huitwa Jachwech. Cha pili ni somo, yaani kusoma. Hiki si cha asili katika lugha hiyo: kilitoka katika Kiswahili, kikaingia pamoja na vitabu, misheni na shule. Wale waliotangulia kuyakubali mafunzo ya misheni wakaitwa josomo, wasomaji.

Vitenzi hivi vingeweza kukaa pamoja bila tatizo, maana anayesoma anaweza pia kufinyanga, na anayefinyanga anaweza pia kusoma. Lakini katika karne ya ishirini vilitengana, kimoja kikabaki uani kwa mama na kingine kikaenda darasani. Sanaa ikahesabiwa kuwa kazi ya asiyesoma, na kusoma kukahesabiwa kuwa njia ya kuepukana na kazi ya mikono.

Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha jinsi utengano huo ulivyotokea na jinsi ulivyojaribiwa kuondolewa. Hoja yake kuu ni kwamba utengano haukutokana na utamaduni wa watu wa ziwani wala na tabia ya sanaa yenyewe. Ulitengenezwa na historia inayoweza kutajwa kwa miaka na mahali. Aidha, makala yanadai kwamba kila jaribio la kuirudisha sanaa katika mafunzo rasmi limekwama pale lilipoiacha nyuma lugha ya wale walioifundisha kabla ya shule kuwako. Kwa sababu hiyo suala hili linawahusu walimu wa lugha kama linavyowahusu walimu wa sanaa.

Shule ya mavyaa

Ni kosa kudhani kwamba kabla ya misheni hapakuwa na mafunzo ya sanaa yenye utaratibu. Ufinyanzi wa Wajaluo unatoa ushahidi ulio wazi. Utafiti wa Ingrid Herbich, uliochapishwa mwaka 1987, ulionyesha kwamba wanawake wengi wa Kijaluo walio wafinyanzi hawakujifunza kazi hiyo kwa mama zao wazazi. Walijifunza baada ya kuolewa. Kwa kuwa mke huhamia kwenye boma la mumewe, mwalimu wake alikuwa mavyaa, yaani mama wa mumewe, au mke mwenza aliyemtangulia. Hata yule aliyekuja akiwa tayari anajua kufinyanga alilazimika kujirekebisha, afuate maumbo na nakshi za mahali alipoolewa.

Mambo matatu yafaa kuzingatiwa hapa. La kwanza ni kwamba mafunzo yalikuwa ya mtu mzima. Mkaza mwana alijifunza akiwa na akili ya mtu anayeanza maisha mapya, na ufundi wake ulikuwa sehemu ya kukubaliwa katika nyumba ngeni. La pili ni kwamba palikuwa na mkondo wa kienyeji uliotambulika. Wafinyanzi waliishi kwa vikundi karibu na machimbo ya udongo, na vyungu vya kikundi kimoja viliweza kutofautishwa na vya kingine kwa umbo, kwa mpangilio wa nakshi zilizochorwa kwa kijiti, au kwa alama za kamba iliyosokotwa na kuviringishwa juu ya udongo mbichi. La tatu ni kwamba mtahini alikuwa soko. Chungu cha maji kiitwacho dapi kilipimwa kwa jinsi kinavyopoza maji; chungu cha pombe kiitwacho thago kilipimwa kwa watu wanaokizunguka na mirija yao mirefu. Chungu kibaya kilirudi nyumbani.

Mafunzo hayo yalifanyika kwa vitendo na kwa maneno. Kila hatua ilikuwa na jina: aina za udongo, hali ya udongo uliokandwa ukaiva, sehemu za chungu kuanzia kitako hadi mdomo, namna za nakshi, dalili za moto uliotosha. Mkaza mwana alijifunza msamiati pamoja na kazi, tena kwa matamshi ya boma alilohamia. Kwa maneno mengine, shule ya mavyaa ilikuwa pia shule ya lugha.

Hali kama hiyo ilionekana katika muziki. Mpigaji wa nyatiti, zeze la nyuzi nane, alijifunza kwa kumfuata mpigaji aliyekomaa katika matanga na katika mikutano ya pombe. Alilazimika kujua nasaba za watu, majina yao ya sifa na namna ya kuyaingiza katika wimbo papo hapo. Mikono iliyojua nyuzi bila ulimi unaojua watu haikumfanya mtu kuwa jathum.

Kiswahili nacho kina kumbukumbu ya hali hiyo. Maneno fundi, ufundi, kufunda, kufundisha, mafunzo na mwanafunzi ni ya ukoo mmoja. Lugha haikumtenga anayejua kazi na anayefunza, wala haikuona kwamba mwanafunzi wa chuo na mwanagenzi wa karakana ni watu wa aina mbili. Kadhalika kitenzi kuumba, ambacho leo hutajwa zaidi kwa Mungu, kinatokana na mzizi wa Kibantu wenye maana ya kufinyanga udongo. Waganda, ng'ambo ya ziwa, wanaendelea kusema kubumba kwa maana hiyo. Kijaluo si lugha ya Kibantu, lakini chweyo na kuumba zimepita njia moja. Mfinyanzi na Muumba wanashiriki kitenzi. Jamii zilizoiweka kazi ya udongo mahali pa juu namna hiyo haziwezi kusemwa kwamba zilidharau kazi ya mikono. Dharau hiyo ilikuja baadaye.

Maseno na mgomo wa 1908

Reli iliyoanzia Mombasa ilifika ukingoni mwa ziwa mwaka 1901, katika bandari ambayo Waingereza waliiita Port Florence na ambayo sasa ni Kisumu. Pamoja na reli kilikuja Kiswahili cha vituoni, bandarini na sokoni, ingawa tayari kilikuwa kimesikika Mumias katika karne ya kumi na tisa kupitia misafara ya wafanyabiashara wa pwani. Mwaka 1906 J. J. Willis wa misheni ya CMS alianzisha shule mahali paitwapo Maseno, jina linalotokana na mti oseno. Wengi wa wanafunzi wa kwanza walikuwa wana wa machifu.

Mpango wa misheni ulichanganya kitabu na kazi. Wanafunzi walisoma, na pia walifanya kazi za ujenzi na za mikono. Mwaka 1908 waligoma. Madai yao yalikuwa mafupi: walikuja kusoma, hawakuja kufanya kazi ya vibarua. Mgomo huo hutajwa mara nyingi kuwa wa kwanza katika historia ya shule za Kenya.

Si vigumu kuutafsiri mgomo huo vibaya. Wakoloni wengi waliuona kama dalili ya uvivu, au ya kiburi cha watoto wa wakubwa. Lakini wanafunzi wa Maseno walikuwa wameona jambo ambalo wakubwa wao hawakupenda kulisema wazi. Katika koloni lililokuwa likiwatengea walowezi ardhi na kuwatafutia vibarua, elimu ya mikono ilikuwa na maana ya kisiasa. Mwaka 1909 ripoti ya Profesa Fraser, aliyeagizwa na serikali kuchunguza elimu, ilipendekeza Waafrika wapewe hasa mafunzo ya kazi na ya kilimo. Misheni zikapewa ruzuku kwa ajili ya kufunza ufundi. Baadaye, tume ya Phelps-Stokes iliyozuru Afrika Mashariki mwaka 1924 ilihimiza elimu inayolingana na mazingira ya Mwafrika. Kwa maandishi, mapendekezo hayo yanaweza kusomeka kama utetezi wa ufundi wa wenyeji. Kwa vitendo, seremala aliyefunzwa alitarajiwa kumtengenezea mzungu meza. Hakutarajiwa kubuni meza yake mwenyewe.

Hapana budi kutofautisha basi mambo mawili ambayo wanafunzi wa 1908 walilazimika kuyakataa kwa pamoja. Kazi ya mikono waliyopewa shuleni haikuwa sanaa ya mama zao. Haikuwa na nakshi, haikuwa na jina katika lugha yao, haikuwa na heshima ya mavyaa nyuma yake. Ilikuwa kazi iliyovuliwa ubunifu. Walipoikataa, walikataa utumwa, na walikuwa na haki. Lakini shule za Nyanza ziliyarithi matokeo ya mgomo bila kukumbuka sababu zake. Somo likawa kitabu peke yake, na chochote kilichofanywa kwa mikono kikaanza kunuka adhabu. Katika shule nyingi hata leo mwanafunzi aliyekosa huadhibiwa kwa kupewa jembe.

Ng'ambo ya ziwa

Jaribio la kwanza kubwa la kuipa sanaa nafasi katika elimu ya juu halikufanyika Kisumu. Lilifanyika ng'ambo ya ziwa, Kampala. Margaret Trowell, aliyesomea sanaa katika shule ya Slade mjini London na ambaye aliwahi kuishi Ukambani, alianza kufundisha uchoraji mwaka 1937 katika baraza ya nyumba yake. Baraza hiyo ikazaa shule ya sanaa ya Makerere. Mwaka 1939 kazi za wanafunzi wake zilionyeshwa London.

Watu wa Nyanza na wa nchi ya nyuma yake hawakuwa mbali na shule hiyo. Gregory Maloba, aliyezaliwa Mumias mwaka 1922, alikuwa miongoni mwa wanafunzi mashuhuri wa Trowell, akawa mwalimu wa uchongaji hapo Makerere, na ndiye aliyetengeneza sanamu ya uhuru wa Uganda iliyosimamishwa Kampala mwaka 1962. Katika miaka ya 1960 alihamia Nairobi, akawa mmoja wa walioweka misingi ya mafunzo ya usanifu katika chuo kikuu cha huko. Rosemary Karuga, aliyesoma Makerere kuanzia 1950 hadi 1952, hutajwa kuwa mwanamke wa kwanza kusomea sanaa huko. Kwa njia hii Makerere iliithibitishia Afrika Mashariki kwamba sanaa inaweza kuwa taaluma, na kwamba anayechonga anaweza kuwa msomi.

Hata hivyo, njia ya kufundisha ya Trowell ina funzo linalogusa lugha. Alikuwa amefundishwa na Marion Richardson wa London, ambaye aliwasimulia wanafunzi tukio kwa maneno, nao wakalitazama moyoni kabla ya kushika brashi. Picha ilianza katika maneno. Njia hiyo ilikuwa na busara kubwa, na haikuwa ngeni kwa watoto waliokuzwa kwa hadithi za jioni. Lakini katika chuo ambacho lugha ya mafunzo ilikuwa Kiingereza, maneno yaliyotangulia picha yalikuwa ya Kiingereza. Mwanafunzi aliyetoka ukingoni mwa ziwa alialikwa kuchora kijiji chake baada ya kukipitisha katika lugha ambayo kijiji hakikuisema. Trowell mwenyewe aliuheshimu sana ufundi wa Uganda, na mwaka 1953 alitoa kitabu kikubwa juu yake akishirikiana na Wachsmann, mtaalamu wa muziki. Pamoja na hayo, fundi wa kijijini alikuwa kitu cha kuchunguzwa katika kitabu. Kiti cha mwalimu hakikuwa chake.

Kisumu, 1968

Aliyelitambua pengo hilo, na ambaye alijaribu kuliziba Kisumu kwenyewe, alikuwa Okot p'Bitek. Mshairi huyu wa Kiacholi alikuwa amechapisha Song of Lawino mwaka 1966 na kuongoza kituo cha utamaduni cha taifa mjini Kampala. Alipoondolewa katika wadhifa huo alivuka mpaka, akaajiriwa na idara ya elimu ya nje ya chuo kikuu cha Nairobi, akawekwa Kisumu. Mwaka 1968 aliandaa huko tamasha la sanaa.

Uchaguzi wa mahali ulikuwa na maana. Kiacholi na Kijaluo ni lugha za jamii moja ya Kilwo. Okot hakuwa mgeni kamili wa masikio. Kisha idara ya elimu ya nje ilikuwa mlango wa chuo uliofunguliwa kwa watu wasiokuwa na vyeti vya kuingilia chuoni. Kwa hiyo tamasha liliweza kuwakutanisha watu ambao mfumo wa elimu ulikuwa umewatenga: waliosoma na wasiosoma, mshairi wa kitabu na mwimbaji wa kijijini. Msimamo ambao Okot aliueleza baadaye katika insha zake ulikuwa kwamba utamaduni ni falsafa inayoishiwa na kusherehekewa na watu. Haufai kugeuzwa kuwa mali ya makumbusho.

Mwaka uleule wa 1968, mwezi wa Oktoba, Ngugi wa Thiong'o, Henry Owuor Anyumba na Taban lo Liyong waliandika katika chuo kikuu cha Nairobi waraka wao maarufu wa kutaka idara ya Kiingereza iondolewe na mahali pake paanzishwe idara ambayo kiini chake ni Afrika, na ambamo fasihi simulizi ina nafasi ya msingi. Owuor Anyumba alikuwa mtafiti wa nyimbo, na mchango wake haukumbukwi kwa kiasi unachostahili. Kwa wasomi wa lugha, Kisumu na Nairobi za 1968 zafaa kusomwa kwa pamoja. Waraka ulidai kwamba sanaa ya wenyeji iingie katika muhtasari wa chuo. Tamasha lilikileta chuo mbele ya wasanii wenyeji. Waraka ulishinda, kwa maana kwamba fasihi simulizi ilikuja kufundishwa na kutahiniwa kote nchini. Njia ya tamasha haikupata muhtasari.

Ya nini kutofautisha? Kwa sababu ushindi wa waraka ulikuwa ushindi wa somo. Wimbo uliingia chuoni ukiwa maandishi, mara nyingi katika tafsiri ya Kiingereza, na mwimbaji akabaki mlangoni. Tamasha, ambalo lingeweza kumpa mwimbaji kiti cha mwalimu, lilikuwa jambo la siku chache. Mwaka 1969 Okot alikwenda Iowa, Marekani. Tarehe 25 Oktoba mwaka huo, katika ufunguzi wa hospitali mjini Kisumu, walinzi wa Rais walifyatua risasi na watu wakauawa. Chama cha upinzani cha KPU kikapigwa marufuku na viongozi wake wakatiwa kizuizini. Mji uliokuwa umekusanyika kwa ajili ya sanaa ulikuwa sasa unazika wafu wake. Okot aliendelea na kazi yake Nairobi, kisha Makerere, ambako alifariki Julai 1982.

Karakana na mtihani

Jaribio la tatu lilitoka serikalini. Kufuatia ripoti ya tume ya Mackay ya mwaka 1981, mfumo wa 8-4-4 ulianza mwaka 1985. Nia yake iliyotangazwa ilikuwa kumpa kijana ujuzi wa kujitegemea. Sanaa, ufundi wa mikono na muziki vikaingizwa katika mtihani wa shule ya msingi, na wazazi wakachangishwa fedha za kujenga karakana. Katika mfumo huohuo Kiswahili nacho kilifanywa kuwa somo la lazima lenye kutahiniwa.

Hapa palikuwa na nafasi adimu. Sanaa na Kiswahili vilipandishwa hadhi kwa pamoja, katika ratiba moja, na mara nyingi vilifundishwa na mwalimu mmoja. Lakini havikukutanishwa. Mtihani wa sanaa ulikuwa wa Kiingereza. Mtoto wa Kisumu mashambani, ambaye nyanya yake alikuwa mfinyanzi, alikariri kwa Kiingereza hatua za kutengeneza chungu ambazo nyanya yake angeweza kumwonyesha kwa Kijaluo. Naye mwalimu wa Kiswahili, katika kipindi kilichofuata, alimfundisha methali isemayo kwamba mfinyanzi hulia gaeni bila kumwomba alete kigae. Swali la mtihani lilijibiwa kwa kalamu. Alama zilipatikana bila udongo kuguswa.

Haishangazi basi kwamba mzigo huo uliposhitakiwa kuwa mzito, masomo ya kwanza kupunguzwa yalikuwa yale ya mikono. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 sanaa, ufundi na muziki viliondolewa katika mtihani wa taifa wa shule ya msingi. Kiswahili kilibaki. Somo lisilotahiniwa likakosa mwalimu, kisha likakosa hata kipindi. Wazazi wengi hawakulalamika. Katika fikira zao, kama katika fikira za wanafunzi wa 1908, mtoto alikwenda shule kusoma.

Wakati huohuo vyungu vilipata makao mengine. Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980, yaliwapa wageni na wanafunzi nafasi ya kuona mfano wa boma la Wajaluo na vyombo vyake. Kazi hiyo ina thamani isiyopingika. Lakini chungu kilichohifadhiwa hakimfundishi mtu kufinyanga. Kinamfundisha kwamba watu waliwahi kufinyanga.

Kutoka Mwangaza hadi Maseno

Mafunzo ya sanaa hayakutoweka Kisumu. Yalihamia mahali ambapo wapangaji wa elimu hawakuwa wakitazama. Mojawapo ni chuo cha sanaa cha Mwangaza, ambacho kiliwafunza vijana uchoraji wa picha pamoja na uchoraji wa matangazo ya biashara. Mchanganyiko huo unafaa kuangaliwa kwa makini. Mwanafunzi aliyechora picha kwa ajili ya maonyesho alijifunza pia kuandika jina la duka, na katika mji wenye maduka, mikahawa na magari ya abiria, soko likarudi kuwa mtahini kama lilivyokuwa kwa mavyaa. Miongoni mwa waliopitia chuo hicho ni David Thuku, Boniface Maina na Michael Musyoka, ambao mwaka 2013 walianzisha pamoja karakana ya Brush Tu mjini Nairobi, nayo ikawa mahali pa kuwalea wachoraji wengine. Vijana hao walitoka sehemu mbalimbali za Kenya. Kwa hiyo lugha ya kuelewana katika karakana za namna hiyo haikuwa Kijaluo peke yake, wala Kiingereza peke yake.

Ukingoni mwa ziwa, karibu na mji, mafundi wa Dunga waliendelea kusuka mafunjo, ambayo Wajaluo huyaita togo. Gugumaji lilipoenea ziwani katika miaka ya 1990 na kuziba njia za wavuvi, baadhi ya mafundi wa Kisumu walijifunza kulikausha, kulisokota na kulifanya vikapu, viti na karatasi. Hakuna muhtasari uliowaagiza. Mali ghafi mpya ilipata mikono iliyokuwa tayari na msamiati uliokuwa tayari: kusokota, kusuka, kupinda, kufuma.

Maseno nayo ilikuja kubadilika. Mwaka 1990 chuo cha ualimu cha Siriba na taasisi ya serikali iliyokuwa jirani viliunganishwa kuwa tawi la chuo kikuu cha Moi, na mwaka 2001 Maseno ikawa chuo kikuu kamili. Sanaa, usanifu, muziki na maigizo vimekuwa miongoni mwa masomo yake. Hivyo, mahali palepale ambapo mwaka 1908 vijana waligoma kwa kuona kwamba kazi ya mikono inawanyima elimu, vijana wengine wamekuja kuitafuta kazi ya mikono kama elimu. Mzunguko huo ulichukua karibu karne nzima. Kwa upande wa utaratibu umekamilika. Kwa upande wa lugha haujakamilika.

Suala la lugha

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019, umeirudisha sanaa shuleni na kuifanya, pamoja na michezo, kuwa mojawapo ya njia tatu za masomo katika sekondari ya juu. Hii ni mara ya tatu kwa serikali ya Kenya, tangu ukoloni, kuikaribisha kazi ya mikono darasani. Historia iliyoelezwa hapo juu inaonya kwamba mwaliko peke yake hautoshi.

Jambo la kwanza linalohitajika ni istilahi, na hapa idara za lugha zina wajibu. Kuna tabia iliyozoeleka ya kuunda istilahi kwa kuiweka orodha ya Kiingereza upande mmoja na kutafuta kisawe upande wa pili. Kwa fani zilizokuja na mashine za kigeni huenda hakuna njia nyingine. Kwa sanaa, njia hiyo ni kinyume cha mambo. Kiswahili kina joko la kuchomea vyungu, kina kigae, nakshi, tarizi, ukili na ususi. Kina kufinyanga, kuchonga, kukereza na kudarizi. Maneno hayo yamo katika kamusi, lakini hayamo katika vitabu vya sanaa vinavyotumiwa shuleni. Pale Kiswahili cha pwani kinapokosa neno kwa sababu pwani haikuwa na kitu chenyewe, Kijaluo, Kiluhya na Kisuba vinaweza kulitoa. Dapi si mtungi wowote. Ni chombo chenye umbo na kazi yake. Thago haina kisawe. Kijaluo kiliazima somo kutoka Kiswahili bila kuona aibu. Kiswahili hakitapungukiwa na kitu kikiazima kutoka Kijaluo kwa ajili ya chweyo.

Jambo la pili ni mwalimu. Istilahi hizo haziko maktabani. Ziko kwa wanawake ambao wengi wao ni wazee, ambao wakaza wana wao wengi wameacha kufinyanga kwa sababu ndoo ya plastiki ni nyepesi na bei yake ni ndogo. Mtafiti anayekwenda kwao na kinasa sauti atapata orodha ya maneno, nayo itafaa. Lakini mavyaa alifundisha jina la udongo huku udongo ukiwa mkononi. Chuo kitakachomwita mfinyanzi aje kukaa muhula mzima, alipwe kama mwalimu anavyolipwa, na afundishe kwa lugha yake huku mwanafunzi wa lugha akiandika na mwanafunzi wa sanaa akifinyanga, kitakuwa kimefanya kile ambacho tamasha la 1968 lilikigusa kwa siku chache. Kwa muda mrefu kikwazo kimekuwa cheti. Chuo hukubali kwamba mfinyanzi anajua, lakini hukosa ngazi ya mshahara ya kumweka.

Hitimisho

Wanafunzi wa Maseno wa 1908 hawakukosea walipokataa kazi iliyovuliwa ubunifu. Kosa lilikuwa la wale walioiita kazi hiyo elimu ya mikono, wakaifanya jamii nzima kuamini kwamba hakuna nyingine. Makerere ilirudisha ubunifu lakini kwa lugha ya wengine. Tamasha la Kisumu lilirudisha lugha lakini halikudumu. Mfumo wa 1985 uliiweka sanaa katika mtihani ukasahau kuiweka katika mikono na katika vinywa. Kila hatua ilikuwa na sehemu ya ukweli, na kila moja iliacha sehemu ambayo iliyofuata ililazimika kuanza nayo upya.

Udongo uwahi ungali maji. Methali hii hutumiwa zaidi kwa malezi ya watoto, lakini ilitoka kwa wafinyanzi, nao waliisema wakijua maana yake halisi: udongo ukikauka kabla ya kuumbwa, hakuna nguvu itakayouumba bila kuuvunja. Msamiati wa chweyo ungali na wasemaji wake katika maboma ya Siaya na Kisumu. Idara za Kiswahili zilizo karibu nao zina miaka ya kuuchukua, na miaka hiyo inahesabika.